Ngome Niliyoisahau

Mshenga wangu alirudi kutoka kwa wazazi wa mchumba wangu na jibu ambalo, kwa maelezo yake, hajawahi kupewa katika nyumba yoyote aliyotumwa. Mzee hakukubali wala hakukataa. Alisema anasoma vitabu vyangu, yuko katikati ya cha tatu, na akimaliza ataniita mwenyewe, bila mshenga.

Mimi nilicheka. Mchumba wangu, nilipomweleza kwa simu, hakucheka. Aliniuliza tu kama katika kitabu cha tatu kuna vita. Nikamwambia karibu chote ni vita. Akabadilisha mazungumzo.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Tabora, na nilikuwa nimetoa vitabu vitatu vya hadithi moja ndefu ya kubuni. Ni hadithi ya falme mbili zinazopigana katika nchi ambayo haipo, yenye waganga wanaogeuza mvua kuwa mchanga na ndege wakubwa wanaobeba watu mgongoni. Nchi haipo, lakini niliichonga kwa mfano wa kwetu. Makao makuu ya malkia ni Tabora bila kutajwa jina. Barabara ya vita ni ile njia ya zamani ya misafara, inayotoka mashariki kupitia Tura, ikaingia mjini, ikaendelea magharibi kuelekea Ujiji. Wanafunzi walivipenda. Walikuwa wakinisimamisha sokoni kuniuliza nani atakufa na nani ataolewa, nami nilifurahia kuwanyima jibu. Sikuwahi kuulizwa na mtu aliyekaa jeshini tangu ujana wake hadi kustaafu.

Baba wa mchumba wangu alikuwa afisa wa ugavi. Kazi yake ilikuwa chakula, mafuta, magari, viatu, kila kitu ambacho jeshi haliwezi kusogea bila hicho. Nilijua mambo matatu kumhusu: hapendi kusubirishwa, anajichoma sindano za kisukari, na vita alivyopigana ujanani havizungumzii. Mambo hayo niliambiwa na mchumba wangu, ambaye ni afisa nyuki kule Usinge, na ambaye hana tabia ya kutia chumvi.

Aliniita siku ya Jumatano baada ya saa za shule. Nyumba yao iko Kitete, si mbali na hospitali. Nilimkuta sebuleni, amevaa shati lililopigwa pasi kama anakwenda kazini, na vitabu vyangu vitatu vimepangwa mbele yake juu ya meza. Ndani ya kurasa zake alikuwa amechomeka njiti za kiberiti. Zilikuwa nyingi mno. Kitabu cha tatu kilikuwa kimevimba.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti kilichoelekeana na chake. Hakuuliza habari za nyumbani kwetu Nzega wala za kazi. Alichukua kitabu cha kwanza, akafungua kwenye njiti ya kwanza.

"Ndege wanaobeba watu nimewakubali," alisema. "Waganga nimewakubali. Kitabu ni chako, weka unachotaka. Lakini hawa watu elfu nne wametoka mjini wakatembea hadi mtoni wakati wa kiangazi, na sijaona mahali walipokunywa maji."

Nikasema kwamba msomaji anajua watu hunywa maji, si lazima aambiwe. Akatikisa kichwa taratibu. Akanieleza mtu mmoja aliyebeba mzigo anahitaji maji kiasi gani kwa siku, na visima vya njia ile vilivyo, na kwamba misafara ya zamani ilipanga vituo vyake kwa kufuata maji, haikupanga kwa kupenda mandhari. Alizungumza bila kupandisha sauti. Kisha akahamia njiti ya pili.

Alitaka kujua kwa nini jemadari aligawa jeshi lake mara mbili mbele ya adui mwenye watu wengi kuliko yeye. Alitaka kujua kwa nini mizigo ilitangulia na walinzi wakafuata. Halafu akachukua kitabu cha pili, akafika kwenye sura ninayoipenda kuliko zote, ile ya shambulio la bondeni.

"Sura ya tisa ndege amepeleka salamu za mapenzi kwa binti wa malkia," alisema. "Sura ya kumi na moja jeshi linavamiwa kwa sababu hakuna aliyejua kwamba adui yuko nyuma ya kilima. Ndege alikuwa wapi?"

Nilifikiri haraka. Nikamwambia ndege alikuwa amechoka.

"Amechoka," akarudia, kwa sauti ya mtu anayechukua maelezo ya mtuhumiwa.

Mke wa mzee aliingia na chai, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaweka sinia, akatoka. Nilikuwa natoka jasho. Nilikuwa nimekuja kuomba mke, na sasa nilikuwa natetea watu ambao nilikuwa nimewabuni mwenyewe kwenye meza ya jikoni. Na lililoniuma zaidi ni kwamba mara nyingi alikuwa sahihi.

Akafunga kitabu cha pili, kisha akakifungua tena kwenye njiti ya mwisho.

"Hapa jemadari amefika kivukoni. Amejenga ngome, ameacha askari mia mbili, amewaambia wasubiri hadi atakaporudi kuwachukua. Ndivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Kitabu cha tatu nimekisoma mara mbili. Walikufa ukurasa gani?"

Nikasema hawakufa.

"Walitoka?"

"Hapana."

"Wako wapi?"

Nilichukua kitabu mkononi mwake nikajifanya natafuta. Nilijua sitapata kitu. Wakati naandika kitabu cha tatu nilihitaji jemadari awe na watu wachache ili ushindi wake wa mwisho uwe mgumu, basi nikawaacha wengine kivukoni, na baada ya hapo sikuwafikiria tena hata siku moja. Nikamwambia ukweli huo kwa maneno mazuri kidogo. Nikasema hadithi haiwezi kumfuata kila mtu hadi mwisho wake.

"Kwa hiyo waliachwa ili wewe upate mwisho mtamu."

Hapo nikashindwa kujizuia. Nikamwambia kwamba hao ni watu wa karatasi, hawana mama wala mtoto, hakuna aliyeumia.

Mzee alikichukua tena kitabu. Hakukasirika kwa namna niliyoitarajia. Uso wake ulifungika tu. Akaniuliza kama nimewahi kufika mahali nilipowapeleka, magharibi kule, kwenye kivuko chenyewe. Nikakiri kwamba kivuko nilikiona kwenye ramani.

"Jumamosi twende," alisema. "Mwenzako yuko Usinge. Utanionyesha kivuko chako, halafu tutakula naye chakula cha mchana."

Nilipompigia mchumba wangu kumweleza, aliuliza tutaondoka saa ngapi. Kisha akanipa maagizo. Baba yake asiendeshe baada ya Kaliua. Ale kwa wakati. Na akianza kutoka jasho na kugombana bila sababu, nimpe upesi kitu kitamu, mfano pipi za glukosi anazobeba mfukoni, nisisubiri ruhusa yake.

Nikamwambia kwamba kwa kugombana bila sababu sitaweza kujua tofauti.

"Utajua," alisema.

Tuliondoka asubuhi na pikapu yake ya zamani. Mvua za masika zilikuwa zimeshika, na mashamba ya tumbaku upande wa Urambo yalikuwa yametota. Tulisimama pale kula viazi vitamu na chai ambavyo mkewe alitufungia. Alikula vizuri, akajichoma sindano yake ndani ya gari bila kujificha, tukaendelea. Njiani hakutaja vitabu. Alinionyesha mahali ambapo reli inapishana na njia ya zamani, akaniambia watu wanaodhani wapagazi walikuwa wanyonge wasiokuwa na akili hawajawahi kuhamisha watu wengi kutoka mahali hadi mahali. Niliona kwamba anafurahia safari. Nikaanza kutulia.

Kaliua nilimwomba usukani. Akakataa. Nikamkumbusha maneno ya binti yake, akasema binti yake ni afisa wa nyuki, si afisa wake.

Baada ya hapo ni barabara ya udongo. Nilikuwa nimechagua kivuko kwenye kijito kimoja kinachokwenda kuingia Malagarasi, na ili kukifikia ilibidi tuiache barabara ya Usinge tuingie njia ya magari yanayobeba mbao. Kwenye maingilio tulimkuta mchungaji na ng'ombe wake. Mzee alisimamisha gari akamsalimu. Yule mtu akasema njia imekatika mbele, tangu wiki iliyopita hakuna gari lililopita. Mzee akamshukuru, akapandisha kioo, akaingiza gia.

"Mzee, amesema njia imekatika."

"Nimesikia. Nimepita pabaya kuliko hapa."

Nilitaka kumuuliza anafanya uamuzi huo kwa msingi gani. Swali lilinifika mdomoni kabisa. Lakini nilikuwa naomba mke, nikalimeza.

Tulizama kwenye mbuga, palipo na udongo ule mweusi ambao ukilowa unashika kila kitu. Magurudumu ya nyuma yaliingia hadi kwenye ekseli. Tulikata matawi, tukayasukumiza chini, mimi nikakaa kwenye usukani na yeye akaweka bega nyuma ya gari. Nikamsihi tubadilishane. Tukabadilishana, kisha akaja tena kusukuma pembeni yangu, na hakukuwa na mtu kwenye usukani. Tulikuwa tumelowa na tumepakaa tope hadi usoni. Gari lilizidi kwenda chini. Simu yangu haikuwa na mtandao, na yake vilevile.

Tulipumzika tumekaa kwenye ubao wa nyuma wa pikapu, miguu ikining'inia. Jua lilikuwa limetoka, limekuwa kali. Ndipo aliponihadithia, bila mimi kuuliza.

Alikuwa kijana, dereva wa lori katika vita, ng'ambo ya mpaka. Lori lake liliharibika karibu na daraja dogo. Kapteni wao aliwaacha yeye na wenzake wachache walinde lile daraja na mzigo, akawaambia watafuatwa jioni. Jioni haikuja na mtu. Kesho yake vilevile. Walikula mihogo mibichi kwenye shamba lililokimbiwa, wakanywa maji yaliyowaharisha. Walisikia mizinga ikizidi kwenda mbali. Hawakuthubutu kuondoka, kwa sababu waliambiwa wasubiri. Mwishowe walitembea wenyewe, wakaliacha lori, wakaifikia kombania yao wakiwa hawajijui.

"Nilidhani kapteni atakuwa na sababu," alisema. "Njia nzima nilikuwa namtafutia sababu. Labda barabara ilifungwa. Labda alitutumia mtu, akauawa. Nilipomfikia nikapiga saluti, akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha akasema, 'Aa, nyie wa darajani.'"

Akakwangua tope kwenye goti.

"Hakutuacha kwa makusudi. Angetuacha kwa makusudi ningemwelewa, vita ina hesabu zake. Alitusahau. Na wewe ukaniambia ni watu wa karatasi."

Nilitazama tope. Nikasema samahani, na neno lenyewe likasikika dogo, lakini sikuwa na kubwa kuliko hilo. Hakunijibu. Nilipogeuka kumtazama, nikaona jasho linamtiririka kutoka kwenye nywele kama aliyemwagiwa maji, ingawa tulikuwa tumekaa muda na mimi nilishakauka.

Nikamuuliza kama yuko salama. Akasema nisimsemeshe kama mtoto. Nikamuuliza pipi zake za glukosi ziko wapi, akapapasa mfuko wa shati, akatoa karatasi tupu. Alikuwa amezila zote wakati wa kusukuma gari, kimyakimya, bila kuniambia kwamba alikuwa anajisikia vibaya. Chai ya kwenye chupa tulikuwa tumeimaliza Urambo. Nilipekua gari lote. Kulikuwa na jeki, kamba, dumu la maji na kanga ya mkewe. Hakukuwa na kitu kinacholiwa. Chakula cha mchana kilikuwa kinatungoja Usinge.

Nikamwambia nakwenda kutafuta msaada.

"Hakuna anayetoka hapa," alisema.

Nikamweleza kwamba anahitaji sukari sasa, si baadaye. Akasimama, akayumba, akashika bodi la gari. Akasema amri ni kukaa na gari. Maneno yake yalianza kuburuzika. Akasema tena kwamba hakuna anayetoka, na safari hii aliniita kwa jina ambalo si langu.

Nilijua basi. Binti yake alisema nitajua.

Sijui kama nitawahi tena kuwa na uamuzi mgumu kama ule. Nikibaki, atazimia mbele yangu nikimtazama. Nikienda, namwacha peke yake porini mtu ambaye dakika chache zilizopita amenieleza kuachwa kulivyomfanya, na huenda nirudi nimkute amekufa. Nilikuwa nimeandika maamuzi ya namna hiyo kwa kurasa nyingi. Majemadari wangu wote walikuwa wakitazama upeo wa macho, halafu wanatoa amri. Mimi nilipekua gari mara ya pili.

Nilimkalisha ndani ya gari, nikafungua milango ili hewa ipite, nikampa maji. Nikamshika uso kwa mikono miwili, jambo ambalo katika hali ya kawaida nisingethubutu kumfanyia baba mkwe, nikamwambia ninarudi kwenye barabara tuliyotoka, kwa yule mchungaji, na nitarudi nimpate au nisimpate. Asitoke ndani ya gari.

"Utanisahau," alisema. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Nikaenda. Mwanzoni nilikimbia, kisha tope likanishinda nikawa natembea kwa kujivuta. Mchungaji hakuwepo tena, wala ng'ombe, zimebaki alama za kwato tu zikielekea pande zote. Nilisimama pale kwenye njia panda nikaita kwa nguvu hadi sauti ikakauka. Hakuna aliyeitika. Nilitaka kuendelea kwa kufuata barabara ya Usinge, nikakumbuka nilichomwambia, kwamba nitarudi nimpate mtu au nisimpate, na kila hatua ya mbele ilikuwa ni hatua ya kumwacha. Nikawa nimegeuka kurudi niliposikia harufu ya moshi.

Ilikuwa kambi ya warina asali, ndani kidogo ya msitu, wanaume wawili na pikipiki yao. Niliwasalimu kwa Kinyamwezi, nikawaeleza kwa pumzi zilizokatika. Walinitazama kwa mashaka, na sikuwalaumu, mtu mzima aliyefunikwa tope anatokea porini anaomba sukari. Nikasema mgonjwa ni baba wa afisa nyuki wa Usinge. Mkubwa wao akasimama hapohapo. Akachota asali kwenye ndoo akatia kwenye chupa ya maji, wote watatu tukapanda pikipiki.

Tulipofika, gari lilikuwa wazi na hakukuwa na mtu ndani.

Nilimwita, nikimwita mzee, kisha nikimwita baba. Mmoja wa warina aliinama akaonyesha nyayo zinazotoka upande wa pili wa gari, zimepishana kama za mlevi, zinaelekea kijitoni. Tukazifuata. Majani yalikuwa marefu kupita vichwa vyetu na kuna mahali nyayo zilipotea kwenye maji, tukatawanyika, kila mmoja akiita. Nilikuwa namsikia mwenzangu upande wa kushoto na mwingine upande wa kulia, lakini katikati yetu kulikuwa kimya. Niliwaza nitamwambia nini binti yake. Sikupata sentensi hata moja.

Nilimkuta amesimama ndani ya maji hadi magotini, amenipa mgongo, ameshika mti mkavu kwa mikono yote miwili kana kwamba ni nguzo ya lango. Nilipomgusa bega aligeuka. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakunijua.

"Daraja lipo, afande," alisema. "Hatujaondoka."

Nikamwambia vizuri. Nikamwambia sasa tumekuja kuwachukua. Akauachia mti.

Alikuwa bado anaweza kumeza. Tulimkalisha kwenye ukingo, nikawa nampa asali kwa kidole, kidogo kidogo, nikimpaka kwenye fizi alipokataa kufungua mdomo. Warina walimshikilia mgongo. Kwa muda ambao niliuona mrefu sana hakukuwa na badiliko lolote. Kisha akaanza kulamba midomo mwenyewe. Akakohoa. Akaitazama mikono yake, akatazama tope la suruali, akawatazama wale watu wawili, mwisho akanitazama mimi.

"Kwa nini nimelowa?" aliuliza, kwa sauti yake ya siku zote.

Nikamwambia tutaongea baadaye.

Walimpeleka Usinge kwa pikipiki, amekaa katikati yao, na mimi nikabaki na gari hadi mmoja akarudi kunichukua. Nilipofika kituo cha afya jua lilikuwa bado halijazama. Mzee alikuwa amelala kitandani na dripu mkononi. Mchumba wangu alikuwa amesimama dirishani, bado amevaa buti za kazi. Hakunikumbatia. Alisikiliza maelezo yangu yote, ya njiti za kiberiti, ya kivuko, ya mchungaji tuliyempuuza, kisha akatazama kitanda na akanitazama mimi.

"Mmoja angekufa," alisema, "kwa ajili ya kubishana juu ya watu ambao hawapo."

Mzee alifumbua macho akataka kusema kitu. Akamwambia baba yake anyamaze. Nilishangaa kuona ananyamaza.

Pikapu ilivutwa kutoka topeni, wiki zikapita bila jibu la posa. Mshenga alikwenda mara mbili, akapewa chai, akarudi hivyohivyo. Nilikuwa na hakika nimekosa. Nilidhani mzee ananiona kama mtu aliyemwona katika hali ambayo hakutaka kuonwa na yeyote, na kwamba hatapenda kukaa meza moja na mtu huyo kila sikukuu hadi kufa kwake. Mchumba wangu alisema hajui baba yake anawaza nini na kwamba hatamuuliza. Shuleni nilifundisha ngeli na viambishi huku nikiangalia simu. Sikuandika hata mstari.

Halafu asubuhi moja mshenga akanipigia. Mzee alikuwa amemwita na kumwambia familia imekubali, tupange siku. Nilimuuliza kama alitoa sababu yoyote. Hakutoa. Aliuliza tu wageni wetu kutoka Nzega watakuwa wangapi na watalala wapi.

Tulioana kiangazi kile. Kwa muda mrefu baada ya hapo mimi na mzee hatukugusa habari ya vitabu. Nilirudi kwenye kitabu cha nne na nikaanza nacho mahali pamoja tu palipowezekana, ngomeni, na wale askari mia mbili. Niliwapa njaa, niliwapa maji machafu, niliwapa mizinga inayosikika ikienda mbali. Sikuwapa ndege. Na kati yao nikamweka kijana mmoja dereva wa magari ya kukokotwa na ng'ombe, ambaye wenzake wanapokata tamaa anasimama langoni anawatia moyo, na kwa sababu yake wanashikilia ngome hadi mwisho. Niliipenda sura ile. Nilidhani ni zawadi.

Nilimpelekea kurasa kabla ya kuzituma kwa mchapishaji. Alikaa nazo siku kadhaa. Kisha akaniita, na safari hii tulikaa uani, upande mmoja wa meza, kurasa katikati yetu. Mke wangu alikuwa ndani na mama yake, tulisikia vyombo.

Maji yalikuwa sawa, alisema. Chakula kilikuwa sawa. Alisifu namna nilivyopanga zamu za ulinzi. Kisha akaweka kidole kwenye jina la yule kijana.

"Huyu mtoe."

Nikamuuliza kwa nini. Nikasema ndiye moyo wa sura.

"Hakuwepo mtu kama huyu," alisema. "Ulitaka niwe mimi. Mimi nilikuwa nalia. Wote tulikuwa tunalia, tunapokezana, mmoja akimaliza mwingine anaanza. Hakuna aliyemtia mwenzake moyo. Tulikaa kwa sababu kila mmoja alimwonea mwenzake haya kuwa wa kwanza kuondoka."

Nilibisha. Nilimwambia msomaji anahitaji mtu wa kumshikilia, akaniambia hilo ni tatizo la msomaji. Tulibishana hadi sauti zikapanda, na mke wangu akachungulia mlangoni, akatuona, akarudi ndani. Mzee hakurudi nyuma hata kidogo. Wala hakunilazimisha. Alizikusanya kurasa, akazigongagonga mezani zikae sawa, akanirudishia.

Nilikaa na sura ile karibu mwezi mzima. Mwishowe nilimtoa yule kijana, na nikamwacha kila mmoja ngomeni alie zamu yake. Mchapishaji alisema sura imekuwa nzito na haina shujaa. Baadhi ya wanafunzi wangu waliiruka. Mzee aliisoma kitabu kilipotoka, akiwa kwenye kiti chake Kitete, na mama mkwe aliniambia kwamba alipofika mwisho wa sura hiyo alikifunga, akatoka nje, akakaa na gari lake kutwa nzima akilisafisha, ingawa lilikuwa safi.